Mazoezi yamekuchosha? Shika mpini urushe ndege ya waya

KILA daktari unayemwendea siku hizi atakuambia maneno yale yale: punguza chumvi, punguza sukari, fanya mazoezi. Nawe utaitikia kwa kichwa, utanunua viatu vya kukimbilia, utaamka alfajiri siku tatu mfululizo, na siku ya nne mvua itakupa udhuru. Baada ya mwezi mmoja viatu vile vitakuwa vimegeuka kuwa vya kwendea sokoni.

Sikulaumu, msomaji. Binadamu hapendi dawa chungu, na mazoezi yakifanywa kama dawa huwa machungu. Shirika la Afya Ulimwenguni lilitoa mwongozo mwaka wa 2020 likisema mtu mzima anahitaji dakika 150 hadi 300 za shughuli ya wastani kila juma, na mtoto wa miaka 5 hadi 17 anahitaji wastani wa dakika 60 kila siku. Mwaka wa 2024 shirika hilo hilo lilitangaza kwamba kufikia 2022 karibu watu wazima bilioni 1.8 duniani, yaani asilimia 31, walikuwa hawafikishi kiwango hicho. Kwa hivyo hatukosi kujua, tunakosa hamu.

Maoni yangu ni haya: badala ya kumhimiza mkazi wa mji afanye mazoezi, tumtafutie jambo la kupenda ambalo litamtoa nyumbani bila yeye kuhesabu dakika. Wengine wamepata bustani, wengine wamepata kandanda ya wazee, wengine kwaya. Leo nataka kukutajia moja ambalo huenda hujawahi kulisikia: kutengeneza na kurusha ndege ndogo za mfano zinazofungwa kwa waya, hasa zile za aina ya autojairo. Usicheke kwanza. Nisikilize mpaka mwisho, kisha uamue.

Ndege iliyofungwa

Ndege ya waya haiongozwi kwa redio. Mrushaji husimama katikati ya kiwanja akiwa ameshika mpini mmoja mkononi. Kutoka kwenye mpini huo hutoka nyaya mbili nyembamba, za chuma au za uzi imara wa kuvulia samaki kwa ndege ndogo, mpaka kwenye ubawa wa ndege. Ndani ya ndege kuna kipande cha pembetatu kinachocheza kwenye msumari. Mrushaji akiinamisha mpini, waya mmoja huvutika na mwingine hulegea, kipande kile huzunguka na kusukuma kijiti kinachoinua au kushusha usukani wa mkiani. Ndege hupanda au hushuka. Kwenda kushoto au kulia hakuna, kwani ndege yenyewe imefungwa kama mbuzi kwenye kigingi. Inazunguka tu, nawe unazunguka nayo.

Mtindo huu ulienezwa mapema katika miaka ya 1940 na Mmarekani Jim Walker wa mji wa Portland, ukapendwa sana na vijana kwa sababu ulikuwa rahisi na wa bei nafuu kuliko redio za wakati huo. Hata leo una mashindano ya kimataifa chini ya Shirikisho la Kimataifa la Michezo ya Anga: kuna mbio za kasi, michezo ya kupinduka hewani, mbio za timu, na hata vita ambapo ndege mbili hufukuzana zikikatana mikia ya karatasi.

Sasa autojairo ni nini? Ukiitazama kwa mbali utadhani ni helikopta, kwa maana ina mapanga marefu yanayozunguka juu. Lakini injini ya helikopta ndiyo inayozungusha mapanga hayo. Kwa autojairo, injini huzungusha propela ya mbele tu ili kuivuta ndege. Mapanga ya juu, yaani rota, yameinamishwa kidogo nyuma, na upepo unaopita kutoka chini ndio unaoyazungusha bure. Yakizunguka, yanabeba ndege. Umewahi kuona mbegu yenye ubawa mmoja ikianguka kutoka mtini huku ikizunguka polepole? Basi kanuni ni ile ile.

Mhispania na mfano wake

Huenda ukasema kwamba hivi ni vitu vya kuchezea. Naam, lakini mchezo huo huo ndio uliomfunza mvumbuzi wa autojairo yenyewe. Mhispania Juan de la Cierva, aliyezaliwa mwaka wa 1895, alibuni ndege kubwa ya injini tatu ambayo ilianguka mwaka wa 1919 baada ya kupoteza mwendo karibu na ardhi. Tangu hapo alijipa kazi ya kutafuta ndege isiyodondoka kama jiwe pindi inapopunguza kasi.

Autojairo zake za kwanza zilishindwa. Kila zilipotaka kupaa zilipinduka upande mmoja. Jambo la ajabu ni kwamba mfano mdogo alioutengeneza uliruka vizuri. Kwa nini mdogo uruke na mkubwa upinduke? Cierva aligundua kwamba mapanga ya mfano yalitengenezwa kwa henzirani laini, nayo yalipinda juu na chini kila yalipozunguka, hata uzito ukajisawazisha pande zote mbili. Yale ya ndege kubwa yalikuwa magumu. Basi akayatilia bawaba kama za mlango ili yaweze kucheza, na mnamo Januari 1923 autojairo yake ikaruka karibu na Madrid. Bawaba hizo zilirithiwa baadaye na helikopta. Mwaka wa 1928 autojairo ya Cierva ilivuka bahari kati ya Uingereza na Ufaransa.

Nimekusimulia haya kwa sababu moja. Mtu anayeshika kipande cha ubao na kisu, akatengeneza kitu, kikaanguka, akauliza kwa nini, akakitengeneza tena, huyo anautumia ubongo wake kwa njia ambayo kioo cha simu hakiwezi kumpa. Simu inakupa jibu kabla hujauliza swali. Ndege iliyoanguka inakupa swali, na jibu linabidi ulitafute mwenyewe.

Mwili unapata nini?

Tufanye hesabu ndogo. Ndege ya kawaida ya waya yenye uzito wa kilo moja, ikienda mita 25 kwa sekunde kwenye waya wa mita 20, huvuta mkono kwa nguvu ya kilo tatu hivi. Ni kama kushikilia pakiti moja na nusu za unga wa kilo mbili kwa mkono ulionyooka, tena unazunguka. Mzunguko mmoja huchukua sekunde tano. Bega, kifundo cha mkono, mgongo na miguu vyote viko kazini.

Autojairo ni mpole zaidi. Tuseme ina uzito wa nusu kilo, inakwenda mita 10 kwa sekunde kwenye waya wa mita 15. Mzunguko mmoja ni sekunde tisa na ushei, na nguvu ya kuvuta ni kama theluthi moja ya kilo tu. Utadhani hiyo ni rahisi kwa mwili. La hasha! Hapo ndipo kazi ilipo. Ndege ikivuta kidogo, waya hulegea upesi, na waya ukilegea huna usukani. Upepo ukivuma na kuisukuma ndege ndani ya duara, ni lazima urudi nyuma hatua mbili tatu kwa haraka ili waya ukazike tena. Ndiyo maana watengenezaji huinamisha rota kidogo upande wa nje ili ivute mbali na mrushaji. Hata hivyo miguu yako haitapata pumziko. Unazunguka, unarudi nyuma, unasogea kando, unapiga goti, macho hayatoki kwenye ndege.

Katika dakika tano za kuruka utakuwa umezunguka zaidi ya mara 30. Kisha utaenda kuiokota ndege, utarudi kwenye mpini, utakagua nyaya mita kwa mita, utainama kubadilisha betri, utaenda tena. Alasiri ya Jumamosi itakwisha ukiwa hujakaa kitako.

Sitaki kukudanganya. Hii haichukui nafasi ya kutembea kwa haraka wala kukimbia. Moyo hautapiga kama wa mwanariadha wa Iten. Lakini mtu anayesimama na kutembea saa tatu juani ni tofauti na yule aliyeketi saa tatu mbele ya televisheni akitafuna vibanzi. Na ukienda kiwanjani kwa miguu badala ya matatu, ukiwa na ndege yako kwapani, zile dakika 150 za juma zitaanza kuonekana karibu.

Kizunguzungu

Swali la kwanza ambalo kila mtu huuliza ni hili: si utashikwa na kisunzi uanguke? Wengi hushikwa mwanzoni, na ni vizuri ujue sababu yake.

Ndani ya kila sikio kuna mifereji mitatu midogo yenye majimaji. Kichwa kikigeuka, majimaji hubaki nyuma kidogo na vinyweleo vilivyomo huueleza ubongo kwamba tunazunguka. Ukiendelea kuzunguka kwa mwendo ule ule, majimaji hufuata na ile hisia hupungua. Unaposimama ghafla, majimaji bado yanakimbia, na ubongo huambiwa kwamba sasa unazunguka upande wa pili. Hapo ndipo dunia huyumba.

Wazoefu wana dawa yao. Mrushaji hutazama ndege peke yake, hatazami miti na majumba yanayopita nyuma yake. Kwa kuwa ndege inazunguka pamoja naye, machoni pake ni kama imesimama. Ikitua, hakimbilii kuiokota. Husimama imara, akakaza macho kwenye kitu kisichosogea kama mti au nguzo ya goli, mpaka kichwa kitulie. Baada ya siku kadhaa za mazoezi, ubongo huzoea na kisunzi hupungua. Anayeanza arushe mizunguko michache tu, apumzike, arudie. Na kwa hapa autojairo ina faida, kwa kuwa mwendo wake ni wa taratibu.

Lakini ikiwa una ugonjwa wa sikio la ndani, una kizunguzungu kisichojulikana chanzo chake, umewahi kuzirai, au una maradhi ya moyo, mwone daktari kabla ya kushika mpini. Wewe unaweza kuwa fundi wa kuunda na kukagua huku mwingine akirusha. Kazi ya mikono nayo ni tiba.

Macho ya watoto

Nikiacha watu wazima, niende kwa watoto, ambao kwa maoni yangu ndio wanaouhitaji mchezo huu zaidi. Tazama watoto wa mitaa yetu ya majumba ya ghorofa. Wanaamka gizani kusubiri basi la shule, wanakaa darasani mchana kutwa, wanarudi jioni na kukaa mbele ya simu ya mama. Wako wanaomaliza juma zima bila kutazama kitu kilicho mbali kuliko ukuta wa jirani.

Madaktari wa macho wana wasiwasi kuhusu jambo hili. Katika mji wa Guangzhou nchini China, watafiti walichukua shule 12 na kuwaongezea watoto wa darasa la kwanza katika nusu ya shule hizo dakika 40 za kuwa nje kila siku ya masomo. Matokeo yalichapishwa mwaka wa 2015. Baada ya miaka mitatu, watoto waliopata ugonjwa wa kutoona mbali katika shule zilizoongezewa muda walikuwa asilimia 30.4, na katika shule nyingine walikuwa asilimia 39.5. Hakuna dawa iliyotumiwa hapo. Ni mwanga wa nje tu na muda wa kuwa chini yake.

Sasa, mtoto ukimwambia, "Toka nje ukaokoe macho yako," hatatoka. Mwambie, "Twende tukarushe ile autojairo uliyoitengeneza," naye atakuwa mlangoni kabla hujafunga kamba za viatu. Vijana wetu wana mikono. Wazazi wao waliunda magari ya waya na tiara za karatasi za nailoni, na kule mashambani wako wanaounda hata leo. Ujuzi wa kuunda autojairo unatoka ukoo huo huo: fito za mianzi, foumu inayofungashiwa mafriji, gundi, uzi na subira.

Hatari zake

Ukurasa huu ni wa afya, na sitakuwa mwaminifu nikikupa utamu peke yake. Mchezo huu una hatari, na kila moja ina kinga yake.

Ya kwanza na kubwa kuliko zote ni umeme. Waya wa chuma ulioshikwa mkononi ukigusa nyaya za stima, mrushaji hana nafasi ya kujutia. Usirushe kamwe karibu na nguzo za umeme. Kwa maoni yangu mita 50 kutoka ukingo wa duara lako ndicho kiwango cha chini kabisa. Usidhani uzi wa kuvulia samaki ni salama. Ukilowa maji nao hupitisha umeme. Mawingu ya mvua na radi yakikusanyika, funga virago. Na ndege ikinasa kwenye nyaya za stima, iache huko, ununue foumu nyingine.

Ya pili ni mafuta. Injini nyingi ndogo za zamani hutumia mafuta yaliyochanganywa kwa methanoli. Wakenya hatuhitaji kufundishwa methanoli ni nini. Mnamo Novemba 2000, pombe haramu iliyotiwa methanoli iliwaua watu zaidi ya 100 katika mitaa ya mabanda ya Nairobi na kuwapofusha wengine wengi. Mwaka wa 2014 msiba kama huo ulirudi katika kaunti kadhaa. Chupa ya mafuta hayo ikiachwa jikoni, mtoto akidhani ni maji, au mlevi wa nyumbani akinusa harufu ya pombe, maafa hayako mbali. Ushauri wangu ni wazi: mwenye kuanza leo atumie mota ya umeme. Haipigi kelele, haichafui hewa, wala haimwagi sumu.

Mota ya umeme nayo ina betri ya lithiamu, na hiyo ndiyo hatari ya tatu. Betri hiyo ikichajiwa vibaya au ikigongwa ikavimba, huweza kulipuka moto. Ichaji kwa chaja yake halisi, juu ya sakafu ya saruji au ndani ya chungu, mbali na pazia na godoro, na usiichaji usiku mkiwa mmelala. Iliyovimba usiitumie tena.

Ya nne ni propela. Kinaonekana kijiti kidogo, lakini kikizunguka hukata kidole kama kisu cha bucha. Usishike ndege kwa mbele betri ikiwa imeunganishwa. Rota nayo huzunguka katika kimo cha uso wa mtoto anayechuchumaa kuitazama, kwa hivyo miwani ya kinga ni lazima kwa kila aliye karibu. Gundi ile inayokamata papo hapo itumiwe penye hewa, na ikigandisha vidole usivivute kwa nguvu. Viloweshe kwa maji ya moto kiasi yenye sabuni, uviachanishe polepole.

Ya mwisho ni watazamaji. Mpini uwe na kamba ya kufunga kwenye kifundo cha mkono ili ukikuponyoka ndege isiende zake. Kabla ya kila mruko vuta nyaya kwa nguvu nyingi kuliko ndege itakavyovuta, uone kama zinastahimili. Wote wasimame nje ya duara, na mtu mmoja apewe kazi ya kuwazuia watoto na mbwa. Vaa kofia, kunywa maji.

Kiwanja kiko wapi?

Baada ya hayo yote, msomaji wa Umoja, Bombolulu au Kondele ataniuliza swali ambalo ndilo kiini cha makala haya: nitarushia wapi?

Hesabu yake si kubwa. Waya wa mita 15 unahitaji duara la mita 30, na ukiongeza nafasi ya usalama ufike mita 45 hivi. Uwanja wa kawaida wa kandanda una upana wa kutosha. Ndege ndogo ya waya wa mita 8 hutosheka na nusu ya uwanja. Karibu na Uwanja wa Wilson au kiwanja kingine chochote cha ndege usirushe bila kuiuliza Mamlaka ya Usafiri wa Ndege, kwa sababu anga hiyo ina wenyewe. Kwingineko kinachohitajika ni nyasi, uwazi na ruhusa ya mwenye kiwanja.

Tatizo ni kwamba nyasi hizo zinatoweka. Mwaka wa 1989 Profesa Wangari Maathai alipopinga jumba la ghorofa 60 lisijengwe Uhuru Park, walikuwapo waliomwita mkorofi. Jumba halikujengwa. Mnamo Januari 1999 alipigwa na kujeruhiwa akitetea msitu wa Karura, nao msitu ukabaki. Mnamo Januari 2015 watoto wa Shule ya Msingi ya Lang'ata Road walisukuma ukuta uliozungushwa kwenye kiwanja chao cha kuchezea, wakarushiwa gesi ya kutoa machozi. Watoto waliovaa sare, saa za shule, walitokwa machozi kwa kudai mahali pa kukimbilia. Baada ya kelele za wananchi walirudishiwa kiwanja chao.

Hayo ni yale yaliyofika magazetini. Je, vile viwanja vidogo vya mitaani vilivyozungushiwa mabati usiku mmoja, kesho yake vikawa maegesho ya magari au kibanda cha kuosha magari? Kila kimoja kikitoweka, hatuandiki hesabu hiyo katika vitabu vya hospitali. Lakini hospitalini ndiko inakolipiwa, miaka 20 baadaye, kwa vidonge vya presha na sindano za kisukari.

Kenya iliridhia Mkataba wa Haki za Mtoto mwaka wa 1990, na Kifungu cha 31 cha mkataba huo kinatambua haki ya mtoto ya kupumzika na kucheza. Haki ya kucheza bila mahali pa kuchezea ni sawa na haki ya kula bila sufuria jikoni. Nasema kiwanja cha mtaa ni zahanati isiyo na foleni. Anayekinyakua hanyakui ardhi pekee, ananyakua mishipa ya damu na macho ya watoto wa mtaa huo.

Na hapa mchezo wa ndege za waya una faida ambayo wengi hawaioni. Kiwanja kinachotumika ni vigumu kunyakuliwa. Mahali ambapo kila Jumamosi kuna watu 20 wanaozunguka na ndege zao, akina mama wanaouza mahindi ya kuchoma pembeni, na watoto 100 wanaoshangilia, mnyakuzi hupita mbali. Kiwanja kilichoota magugu humwita kwa jina.

"Huo ni mchezo wa matajiri"

Najua pingamizi zitakazokuja. Ya kwanza, kwamba mambo haya ni ya Wazungu na matajiri. Ndege za redio na droni huenda zikawa hivyo, lakini ndege ya waya haihitaji redio hata moja. Mota, betri na kifaa cha kudhibiti kasi ndivyo vitu vya kununua. Vingine vyote hupatikana kwa fundi wa jua kali au katika taka za duka la friji. Watu watano wakichanga, ndege moja huwatosha wote, kwa sababu anayerusha ni mmoja kwa zamu na wengine wana kazi ya kushika, kuhesabu na kukosoa.

Ya pili, kwamba mtu mzima ataonekana kituko akichezea ndege. Mtu mzima huyo huyo haoni kituko kukaa kwenye kiti cha baa saa sita. Aliyestaafu, ambaye simu yake haipigwi tena na ofisi, anahitaji sababu ya kuamka na watu wa kubishana nao kuhusu jambo lisilo siasa. Kiwanja cha ndege za waya kitampa vyote viwili, na kitampa mjukuu wa kumfundisha.

Ya tatu, kwamba huu ni mchezo wa wavulana. Sioni kwa nini. Mpini hauulizi aliyeushika ni nani, na msichana anayeweza kusuka nywele saa tano bila kukosea msuko atasawazisha mapanga ya rota kuliko kaka yake.

Ukitaka kuanza, usianze na autojairo. Anza na ndege ya kawaida yenye ubawa mpana wa foumu na mwili wa ubao bapa, ya kuanguka na kuungwa tena. Jifunze kuruka sawa kwa kimo cha kichwa, kuinuka ndege ikiwa upande ambao upepo unaelekea, na kutua. Mkono ukishatulia, hapo ndipo utengeneze autojairo yako ya mapanga matatu, uyasawazishe yawe na uzito mmoja, uizungushe rota kwa mkono au kwa upepo kabla ya kuiachia. Itapinduka mara ya kwanza. Hata ya Cierva ilipinduka.

Kwa hivyo Jumamosi hii, kabla ya kununua jozi nyingine ya viatu vya kukimbilia, toka nje uende ukakitafute kiwanja cha mtaa wenu. Kipime kwa hatua kutoka ukingo hadi ukingo. Tazama nguzo za stima ziko wapi. Uliza ni cha nani, na hati yake iko katika ofisi gani. Ukikuta bado kipo na ni cha wote, nenda na wenzako mkakitumie kabla mabati hayajakizunguka.